Bi Twaiba na Pua ya Ukunda

Kuna kona moja mjini Ukunda, kati ya duka la vitambaa na jiko la mhogo wa kuchoma, ambayo sasa hainukii kitu. Ukipita hapo utawaona watu wakipunguza mwendo bila ya kujua, wakiinua pua kidogo kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali, kisha wakishika njia wakiwa na huzuni ndogo wasiyoweza kuieleza. Vijana wa bodaboda walizoea kuwaelekeza wageni kwa kusema, "Teremka pale panaponukia." Siku hizi husema, "Teremka pale palipokuwa pakinukia," na mgeni hubaki barabarani akinusa hewa ambayo haina la kumwambia.

Aliyeiacha kona hiyo tupu ni Bi Twaiba, muuza udi. Yu hai. Ni vyema hilo lisemwe mapema, kwa sababu alipoonekana hayupo, majirani kadhaa walimfuata mumewe, aliyekuwa amerudi na tuktuk kuchukua vyombo, wakiwa na mchele na sukari za matanga, naye mumewe akavipokea, kwa kuwa hakuona adabu kumrudisha mtu na mzigo wake mkononi.

Bi Twaiba alizaliwa Tiwi, na udi alifundishwa na bibi yake, mwanamke mkali aliyeweza kumtoa mjukuu jikoni kwa kosa la kukoroga sufuria kwa haraka. Mti wa udi husagwa, ukalowekwa kwa marashi; sukari huyeyushwa polepole mpaka ipate rangi ya asali; kisha vyote huungwa pamoja kwa miski na kwa vitu vingine ambavyo Bi Twaiba hakuwahi kumtajia mtu. Alifinyanga vipande kwa vidole, akavianika kivulini, akavipa majina. Kulikuwa na Rudi Mapema, uliopendwa na wake wapya. Kulikuwa na Mkwe Kanyamaza. Na kulikuwa na Mgeni Hang'oki, ambao ulikuwa mtamu mno, hata wenye nyumba ndogo walishauriwa wasiuguse.

Hakupiga kelele kuita wateja. Aliweka kaa la moto ndani ya chetezo, kile chombo cha udongo cha kufukizia, akadondosha kipande cha udi juu yake, na kona nzima ikaitika. Alhamisi alasiri, watu walipokuwa wakijiandaa na Ijumaa, wanawake walisubiri zamu mbele ya meza yake. Kila mmoja alisimama juu ya chetezo, buibui limetandazwa kama hema, akatoka hapo ananukia hata mbuzi wa barabarani wakampisha.

Mumewe, Issa, alikuwa dereva wa tuktuk, mtu mpole mwenye upungufu mmoja tu. Homa ya utotoni ilimwondolea kunusa, na haikumrudishia. Alipokwenda kuposa Tiwi alibeba samaki mkubwa aliyekuwa ameharibika tangu jana yake, akaingia naye sebuleni kwa tabasamu pana, huku wazee wa bibi harusi wakiziba pua kwa ncha za vilemba. Bibi yake Twaiba alitaka kumfukuza. Twaiba, aliyekuwa akichungulia nyuma ya pazia, alimwona kijana yule akisimama katikati ya uvundo wake bila ya wasiwasi wowote, na moyo wake ukamwambia kwamba huyu hatawahi kumlalamikia wali ulioungua. Moyo haukukosea. Waliishi kwa amani, wakamzaa Hanifa, na Issa akalala maisha yake yote katika nyumba iliyonukia kuliko nyumba zote za Ukunda bila ya kujua.

Mambo yaliharibika ulipokuja Mfuko.

Mfuko huo ulikuwa wa watu wa mbali wenye nia njema, waliosikia kwamba hewa ya miji inaharibika, wakaona dawa ni kuitia miji tamaa. Sharti lao lilikuwa jepesi. Hewa ya kila mji itapimwa mwanzo wa msimu, ipimwe tena mwisho wa msimu, na mji utakaopunguza uchafu kuliko mingine utapewa fedha ya kujengea kitu cha watu wote. Miji iliyoingia ni Ukunda, Msambweni na Kwale. Ukunda ilitaka paa la soko, kwa kuwa paa lililokuwapo lilikuwa na tabia yake: mvua ikipiga kidogo asubuhi na kukatika, ndani ya soko iliendelea kunyesha mpaka alasiri.

Kamati ya Hewa iliundwa, na mwenyekiti wake akawa Abdulwahab, mwenye duka la vitambaa kwenye kona ileile ya Bi Twaiba. Abdulwahab alikuwa mtu wa shughuli. Alipenda kupokea wageni, kuaga wageni, na kuwakumbusha watu jinsi wageni waliopita walivyopokewa. Alimwita Bi Twaiba dukani.

"Paa likijengwa, Bi Twaiba, wewe utapata kibanda ndani. Chenye mlango na kufuli. Jua na mvua utavisikia kwa watu."

"Mlango wa mbao au wa bati?"

"Mbao."

Bi Twaiba aliondoka hapo akitembea kama mtu aliyekwisha kushika ufunguo. Miaka yote alikuwa amekaa chini ya mwavuli wa kampuni ya simu ambao rangi yake haikujulikana tena, na kila masika udi wake uliloa.

Fundi wa mashine alikuja kutoka bara, kijana mrefu mwenye ngazi begani na kisanduku cheupe kwapani. Alizunguka mji akitafuta mlingoti wa kukifunga. Mmoja ulikuwa karibu na dampo, mwingine karibu na mtaro, na mwingine ulikuwa na nyuki. Alipofika kwa Bi Twaiba aliitua ngazi, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Mathe, hapa hewa iko fiti," alisema. "Hapa ndio nitaifunga."

"Funga, mwanangu," alisema Bi Twaiba, na akamtilia Mgeni Hang'oki kwenye chetezo, kwa heshima ya mgeni.

Basi kisanduku kikafungwa mlingotini, juu kabisa ya meza yake. Kilikuwa na tundu dogo la kuvutia hewa na taa moja mbele. Taa ya kijani maana yake hewa njema, ya manjano hivi hivi, nyekundu mbaya. Watu wakakiita Pua. Pua ilivuta pumzi yake ya kwanza ya Ukunda, ikawaka nyekundu, na haikubadilika muda wote wa upimaji wa mwanzo. Kwale ilikuwa manjano. Msambweni ilikuwa kijani kama jani la mgomba. Ikaandikwa kwamba Ukunda ndio mji mchafu kuliko yote mitatu, na Abdulwahab akafunga duka adhuhuri kwa aibu.

Siku ya pili alilifungua kwa hasira. Alipiga marufuku kuchoma taka. Waliokaanga viazi akawahamishia nyuma ya uwanja. Lori moja la mawe, lililokohoa kila lilipopita, liliombwa lizunguke njia nyingine. Mzee mmoja aliyevuta tumbaku alipewa kiti mbali na watu, akakipenda, akakaa hukohuko. Pua ikabaki nyekundu.

Macho ya mwenyekiti yakamwangukia Chome. Huyu alikuwa kijana wa Kinango, mwenye mabega mapana na maneno mengi, aliyechoma mhogo kwa makaa hatua chache kutoka kwa Bi Twaiba na kuupaka ndimu na pilipili.

"Chome, zima jiko."

"Nikizima jiko, mwenyekiti, nitauza nini?"

"Mhogo."

"Mbichi?"

"Chemsha."

Chome alimgeukia Bi Twaiba. "Mama, umesikia? Mhogo wa kuchemsha. Chakula cha mgonjwa na mkwe. Watu wakiniona nao watauliza nani amelazwa."

Lakini alizima, na Pua ikabaki nyekundu vilevile.

Hapo ndipo Abdulwahab alipotoa shauri ambalo mji mzima ulilisifu. Hewa imeharibika, alisema, basi tuifukize. Hakuna aliyeona kosa, wala Bi Twaiba mwenyewe. Na wangelionaje? Chumba kilichopikwa papa hufukizwa, kikasafika. Mgonjwa akipona, nyumba hufukizwa. Bibi harusi hufukizwa, mtoto mchanga hufukizwa, mgeni hapiti mlangoni kabla chetezo hakijamtangulia. Katika pwani ile hewa isiyo na udi ni kama mtu aliyelala bila ya kuoga. Udi haukuhesabiwa kuwa moshi, kama vile maji ya kuoga yasivyohesabiwa kuwa mvua.

Kamati ikanunua udi wa Bi Twaiba, na chetezo cha pili kikatundikwa kwa minyororo mlingotini, chini kidogo ya Pua, ili dawa ifike karibu. Pua iliwaka nyekundu hata ikaonekana mchana wa jua kali.

"Mnaona?" alisema Abdulwahab, mikono kiunoni. "Uchafu unatoka."

Bi Twaiba alimwongezea kipande bure.

Katikati ya msimu Hanifa, binti yao, alijifungua huko Tiwi, na Bi Twaiba akafunga meza ili akamlee mzazi mpaka arubaini. Chetezo cha kamati kiliishiwa udi siku hizohizo, na hakuna aliyejua kuunga mwingine. Siku ya kwanza Pua ikawa manjano. Siku ya pili ikawa kijani, na kijani ikakaa.

Abdulwahab alichinja mbuzi. Alisimama mbele ya duka lake akaeleza jinsi uongozi thabiti unavyoweza kuisafisha hewa, na watu wakakubali huku wakitafuna. Chome, aliyekuwa amekaa na sufuria yake ya mhogo wa kuchemsha ambao haukuwa na mnunuzi, alikula mbuzi kwa kisasi, akarudi mara tatu.

Bi Twaiba alirudi akiwa amenenepa kwa furaha ya kuitwa bibi. Aliweka kaa, akatia Rudi Mapema, akasalimiana na watu. Kabla ya adhuhuri Pua ilikuwa nyekundu.

Abdulwahab alitoka dukani na utepe wa kupimia shingoni. Aliitazama Pua, akamtazama Chome.

"Umewasha."

"Sijawasha, mwenyekiti. Sufuria hiyo. Mhogo huo. Kula mmoja uone kama una ladha ya moto."

"Basi unawasha nyumbani na moshi unakuja nao."

"Naubeba vipi, mfukoni?"

"Sijui unaubeba vipi. Kinango nyinyi mna mambo. Mwisho wa juma nataka kona hii iwe wazi. Wewe, sufuria na mhogo wako, muondoke."

Chome aliinama akaifunika sufuria yake. Bi Twaiba alimkatia kipande cha haluwa aliyokuwa ametoka nayo Tiwi. Akakila bila ya kukitazama.

Siku ile, wakati wa chakula cha mchana, Bi Twaiba alimweleza mumewe habari hizo. Issa alikuwa amekaa mkekani akitenga miba ya samaki.

"Ajabu yake, Baba Hanifa, nilipokuwa Tiwi ilikuwa kijani. Nimerudi tu, nyekundu. Na kijana wa watu hajawasha jiko."

"Ni moshi wako huo," alisema Issa, akala tonge.

"Moshi wangu upi?"

"Ule wa kwenye chetezo."

"Ule ni udi."

"Kwenu nyinyi ni udi, Mama Hanifa. Mimi tangu nimekuoa naona moshi tu. Unaingia machoni, nakohoa, nakwenda nje. Nilidhani wote mnavumilia kama mimi."

Bi Twaiba aliuacha mkono wake juu ya sinia. Miaka mingi ya ndoa ilimpita mbele ya macho, Issa akitoka nje kila Alhamisi jioni, naye akidhani anakwenda kuangalia tuktuk.

Akasubiri Ijumaa. Saa ya swala kona ilikuwa tupu, maduka yamefungwa nusu mlango, na paka wa soko wameshika mji. Alilitoa kaa kwenye chetezo akalizamisha ndani ya maji, akakitungua na kile cha mlingotini, akakaa. Pua ilikuwa nyekundu. Akapepea kwa kipepeo cha ukindu. Upepo wa bahari ukaja na kwenda. Baada ya muda Pua ikawa manjano, na alipokuwa akianza kusinzia, ikawa kijani.

Akawasha kaa jipya. Akatia kipande kidogo kama ukucha wa mtoto, akakinyanyua chetezo juu ya kichwa chake kwa mikono miwili. Nyekundu.

Akakishusha. Akasubiri. Kijani. Akakinyanyua. Nyekundu. Alifanya hivyo mpaka mikono ikamuuma, akitumaini kwamba mara moja tu mashine ile itakosea kwa ajili yake.

Kisha akakaa chini ya mwavuli wake akakitazama kile alichokuwa amekitengeneza maisha yake yote. Kilipanda kikiwa chembamba na cha samawati, kikajikunja mara moja hewani kama kitambaa kinachokunjwa na mtu asiye na haraka, kikapotea. Alikuwa hajawahi kukiangalia. Siku zote alikisikia kwa pua. Sasa alikiona kwa macho ya Issa, na kilikuwa moshi. Akinyamaza, Chome ataondolewa kwa moshi usio wake, na soko litaendelea kunyeshewa. Akisema, atakuwa muuza udi asiyeruhusiwa kufukiza, na mtu wa namna hiyo anauza vijiwe vyeusi visivyo na maana, kwa kuwa hakuna mteja aliyewahi kununua udi kwa kuutazama.

Alikwenda kwa Abdulwahab siku ileile, baada ya swala.

"Mwenyekiti, anayeichafua Pua ni mimi."

Abdulwahab alicheka kwa upole, kama anavyochekewa mzee aliyesahau jina lake. "Bi Twaiba, una roho njema. Unamkinga kijana."

"Simkingi mtu. Ni udi."

"Udi si moshi."

"Ni moshi."

"Bi Twaiba." Abdulwahab aliteremsha sauti, maana wateja wawili walikuwa wakipapasa vitambaa. "Mimi nimefukizwa siku niliyozaliwa. Nimefukizwa nilipooa, mara zote mbili. Nikifa nitafukizwa. Unataka kuniambia nimekuwa nikichafuliwa?"

"Toka nje nikuonyeshe."

Alitoka kwa heshima tu. Bi Twaiba alichukua ufito mrefu wa kuangulia maembe, akafunga chetezo nchani, akakiinua mpaka karibu na lile tundu. Nyekundu. Akakiondoa, akampa kazi ya kupepea Chome, ambaye alipepea kama mtu anayefukuza pepo. Kijani. Watu wakaanza kukusanyika.

"Kwa bahati," alisema Abdulwahab.

Nyekundu. Kijani. Nyekundu.

"Tia Mkwe Kanyamaza tuone," alisema mwanamke mmoja.

Mkwe Kanyamaza ulitoa nyekundu ya haraka zaidi. Mgeni Hang'oki ulikataa kuondoka kabisa, na ilibidi watu sita wapepee kwa vikapu. Sasa umati ulikuwa na furaha ya harusini. Waliileta sufuria ya Chome, kijani. Wakamwashia jiko lake kwa jaribio, akachoma vipande viwili, na kwa kuwa upepo uliupeleka moshi wake upande wa pili, Pua ikabaki kijani, na vipande vikanunuliwa papo hapo kwa ugomvi. Mtu mmoja akapendekeza mwenyekiti mwenyewe anyanyuliwe, kwa kuwa kanzu yake ilikuwa imefukizwa asubuhi. Akakataa. Wakamnyanyua. Pua ikawa manjano.

Aliposhushwa chini Abdulwahab alijinusa mkono wa kanzu kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba rafiki yake wa utotoni ni mwizi.

"Chome," alisema hatimaye, "jiko lako. Washa. Na ile habari ya Kinango naiondoa."

"Nimeisikia ikiondoka, mwenyekiti," alisema Chome. "Leo ndimu ni bure kwako. Pilipili utalipa."

Bi Twaiba alizima chetezo chake mbele ya watu wote na kukifunga ndani ya kanga. Kwa muda uliobaki wa msimu alikaa chini ya mwavuli na vijiwe vyake vyeusi. Wateja walikuja, wakavigeuza mkononi, wakavinusa baridi, wakasema watarudi. Rudi Mapema haukurudisha mtu. Chome alimletea mhogo kila adhuhuri na kukaa naye, akizungumza kwa wawili.

Wageni wa Mfuko walikuja kuisoma Pua, na ikawa ni mtihani mkubwa kuliko yote, kwa sababu mji ulilazimika kuwapokea watu wazima wenye heshima zao bila ya udi. Abdulwahab aliwaomba radhi mlangoni, akawaomba radhi kwenye kahawa, akawaomba radhi tena waliponawa mikono, na wageni, ambao hawakujua wamekosa nini, wakamsamehe kila mara.

Ukunda ikashinda. Ilikuwa imeshuka kutoka nyekundu mpaka kijani, kushuka ambako Mfuko haukuwahi kukuona. Kwale ilipata cha kufutia machozi. Msambweni, ambayo ilianza kijani, ikaendelea kijani na kumaliza kijani, haikuwa imepunguza kitu, kwa hiyo ilipewa cheti na mkono wa kushikwa.

Paa lilijengwa, zuri, la bati jipya, na mvua ikakoma kunyesha ndani ya soko. Bi Twaiba alipewa kibanda chake, chenye mlango wa mbao na kufuli, kama alivyoahidiwa. Juu ya mlango kamati ilibandika tangazo: Ni marufuku kufukiza ndani ya soko. Akaingia, akafunga mlango, akakaa ndani ya kitu alichokitaka kwa miaka mingi. Hakukuwa na jua, mvua wala harufu yoyote. Wapita njia walimwuliza kama anauza makaa ya mawe.

Siku moja aliingia mwanamke mrefu, miwani imening'inia kifuani.

"Hodi. Shikamoo, Bi Twaiba."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Udi?"

"Naitwa Mwanapili, nimetoka Msambweni. Mimi ni katibu wa kamati ya hewa ya kwetu." Alikaa, akavaa miwani, akaivua. "Bi Twaiba, sisi hewa yetu ni safi."

"Mashallah."

"Si mashallah. Imetutia hasara. Mwaka huu Mfuko unaanza kupima upya, na tukianza kijani tena tutapewa cheti kingine. Vyeti havizibi shimo barabarani." Akasogea karibu. "Tuna mlingoti mahali pazuri, kivuli kipo, watu ni wengi. Tunakuomba uje ukae chini yake. Ufukize. Kutwa. Kodi hakuna."

Bi Twaiba aligeuza kijiwe kimoja cha udi mkononi. "Na mkishaandikwa wachafu, mtanifukuza?"

"Hatukufukuzi. Tutakuhamishia upande wa pili wa barabara, upepo unakokwenda. Chetezo chako hatukigusi. Tumemwuliza fundi."

"Na wageni wakija?"

"Tutawafukizia kwako huko ng'ambo kabla hawajavuka."

Bi Twaiba alitandua kitambaa cha meza ya kibanda chake, akakikunja. Je, hivi ndivyo walivyokusudia wale watu wa mbali wenye nia njema? Hakujua, na hakuona kuwa ni kazi yake kujua. Alikuwa ameitwa kuuza udi. Alimwachia Chome ufunguo wa kibanda, naye Chome akahamishia humo magunia ya mhogo. Issa aliupakia mwavuli, meza na sufuria kwenye tuktuk, akamkalisha mkewe nyuma na chetezo mapajani, akakata njia ya kusini, na hakuna aliyewaaga kwa kuwa walidhani wanakwenda kumwona mjukuu.

Majuma machache baadaye Abdulwahab aliwafuata. Alimkuta amezungukwa na wanawake waliotandaza mabuibui, akasimama pembeni, akavuta pumzi kwa macho yaliyofumba, na akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyompasa mwenyekiti.

"Bi Twaiba," alisema, "na sisi mwaka huu tunaanza kijani."

"Hongereni."

"Hatuna cha kupunguza. Kamati imekaa. Tangazo la mlangoni tutalibandua. Hata ukija kwa siku chache tu, wakati wa kupima."

"Nimekwisha kutoa neno huku, mwenyekiti."

"Basi niuzie mimi niwashe mwenyewe."

Alimuuzia Mgeni Hang'oki, kwa bei ya wateja wote, na akamwelekeza asitie mwingi. Inasemekana aliutia wote, na kwamba aliutia nyumbani kwake, akafunga madirisha, akakaa.

Bi Twaiba sasa yuko Msambweni. Huanza kufukiza saa mbili asubuhi chini ya mlingoti, mkabala na duka la dawa. Taa ni nyekundu, na Issa hula chakula chake cha mchana mbali kidogo, upande upepo unakotoka.